Utepe wa Buluu Chini ya Dramu

Mpaka leo nikiona utepe wa buluu, ule ambao wapaka rangi huziba nao kingo za ukuta, damu hunichemka. Wengine huchukia nyoka, wengine paka. Mimi nachukia utepe, na sababu ninayo.

Ulikuwa umebandikwa kwenye zulia la sebule ya vila moja huko Al Thumama, mtaa wa jiji la Doha, Qatar. Sisi Wakenya na Waganda tulikutana humo kila Ijumaa asubuhi kwa ibada, maana Doha Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko na Jumapili watu wako kazini. Siku nyingine za wiki sebule hiyo ilikuwa darasa la watoto, kwa hiyo baada ya ibada seti yetu ya dramu ilifunguliwa, ikarundikwa pembeni na kufunikwa mashuka. Ijumaa iliyofuata ndugu wawili walifika mapema kuliko wote, wakafunua mashuka na kuipanga upya kwa kufuata utepe. Kila mguu wa stendi ulikuwa na alama yake kwenye zulia. Kila bomba la chuma lilikuwa na pete ya utepe ya kuonyesha liinuliwe mpaka wapi. Hata kiti cha mpigaji kilikuwa na pete yake. Walifanya kazi hiyo kimya kimya, wamepiga magoti, kwa uangalifu ambao sikuwahi kuuona walipokuwa wakipanga viti vya watu.

Aliyebandika utepe alikuwa mpigaji wetu wa kwanza, Mganda mrefu ajabu, askari wa ulinzi kwenye mnara mmoja wa West Bay. Akiinua mikono kuomba, tulihofia taa ya dari. Nilipofika Doha, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi, nilimkuta yeye kwenye dramu; kutoka viti vya nyuma nilimwona kichwa na mikono tu, na nakiri alikuwa anapiga. Kisha kampuni yake ikamhamishia Lusail, mji mpya uliokuwa ukijengwa kaskazini, akalinde vyuma na saruji, na shifti zake zikawa zinaangukia Ijumaa. Dramu zikabaki chini ya mashuka, nasi tukaimba kwa makofi.

Nikajitolea. Nyumbani Nakuru nilipiga dramu kanisani tangu nikiwa shule ya upili, na nilikuwa na hamu nayo kiasi kwamba nilikuwa napiga mapaja yangu kwenye basi la wafanyakazi. Kiongozi wa sifa, Mkenya mwenzangu aliyekuwa dereva, alinitazama kutoka kichwani hadi viatuni. Hakuchukua muda, kwa sababu mimi ni mfupi.

"Sister, hii si kayamba," akasema.

"Kayamba naijua na dramu naijua," nikamjibu. "Nipe vijiti kwanza, alafu uongee."

Nilipiga wimbo mmoja nikiwa nimesimama nusu, siku ya mazoezi, na akaniachia vijiti. Nikadhani mambo yameisha hapo.

Ijumaa ya kwanza nilikuta kila kitu kimeshapangwa. Nikaketi, miguu ikaning'inia. Kiti kilikuwa juu kiasi kwamba pedali ya dramu kubwa niliigusa kwa ncha za vidole tu, nikawa mtoto aliyekalishwa kwenye kiti cha kinyozi. Matoazi yale mawili yanayofungwa kwa mguu yalikuwa mbali kushoto, toazi kubwa lilikuwa mbali zaidi mbele, na kulifikia ilinibidi niinuke na kuinama mbele kila mara. Na upande wa kulia, kati ya snea, ile ngoma bapa iliyo mbele ya magoti, na tomu, ile ngoma kubwa inayosimama chini, palikuwa na pengo la bure ambalo hata sasa naweza kukuchorea. Kila nikitaka kupiga tomu hiyo ilibidi nijipinde kiuno kizima.

Basi nikainama kulegeza skrubu ya kiti.

"Usiguse!" ndugu wale wawili walipaza sauti kwa pamoja.

Kiongozi akaja mbio. "Sister, hiyo position imepimwa," akaniambia, taratibu, kama anayemweleza mgeni namna ya kutumia lifti. "Yule jamaa alipima sauti ya hii nyumba yote. Ukisongesha kitu hata kidogo, sauti inatoka nje, majirani wanalalamika, tunafungiwa. Unataka tufungiwe juu yako?"

"Na hili pengo ni la nini?"

"Hapo ndipo sauti inapumulia."

Ningecheka, lakini yeye hakuwa anacheka. Na nisikilizwe vizuri, mtu asije akasema natia chumvi: Al Thumama iko jirani na uwanja wa ndege. Ndege zilikuwa zinapita juu ya paa letu wakati wa maombi mpaka vikombe vikatetemeka kabatini. Hakuna jirani aliyewahi kugonga mlango kwa sababu ya ndege. Lakini kiti changu kikishuka kiasi cha kiganja, eti mtaa mzima ungeamka.

Aliyenifundisha dramu alikuwa mama mmoja wa kanisa letu Nakuru, fundi wa cherehani, ambaye alipiga dramu kwa miguu ile ile iliyokuwa ikiendesha mashine wiki nzima. Somo lake la kwanza halikuwa mdundo. Lilikuwa kukaa. Kiti kwanza, alisema, na vingine vyote baadaye. Mapaja yashuke kidogo kuelekea magotini, unyayo wote ulale kwenye pedali. Snea iingie kati ya magoti, kwa kimo ambacho kijiti hakigongi paja. Kisha alinifumbisha macho, akaniambia niachie mikono ianguke yenyewe, halafu niinue viwiko tu bila kuinua mabega. Pale vijiti vilipoangukia, alisukuma dramu ikaja hapo. Toazi nalo alilisogeza mpaka nikaligusa bila mgongo kuondoka mahali pake. Nilipomuuliza kama si mimi ndiye niliyepaswa kujinyoosha, alishangaa sana. Alisema kwa miaka yote ya ushonaji hajawahi kumkata mteja miguu ili gauni limtoshe.

Sasa Doha nilikuwa nimepewa gauni la jitu, nikaambiwa nirefuke.

Nililivaa hivyo hivyo, Ijumaa baada ya Ijumaa. Na siku sita zilizobaki nilikuwa mhudumu wa vyumba katika hoteli moja West Bay. Asiyewahi kutandika kitanda cha hoteli ataniona nadeka. Godoro la kule ni zito, kila kona lazima uiinue kwa mkono mmoja na kuchomeka shuka kwa mwingine, na ukimaliza kitanda kimoja kuna kingine mlango wa pili, na kwenye bafu kuna beseni la kuinamia. Kazi yote ni kiuno. Kiuno hicho ndicho kilichokuwa kinamsomesha mtoto wangu aliyebaki kwa mama yangu Nakuru. Sikuwa na kingine cha kuuza Uarabuni.

Jumamosi zikaanza kuwa ngumu. Nilishuka kitandani kwa kujiviringisha ubavu, nikishika ukuta. Mwenzangu wa chumbani, Mzanzibari aliyefanya kazi ya kufua nguo kwenye hoteli hiyo hiyo, akawa ananikanda kwa taulo la moto na mafuta ya karafuu aliyoletewa kutoka kwao.

"Mwenzangu wee," aliniambia siku moja, goti lake likiwa mgongoni kwangu, "hiyo ngoma unaipiga wewe, au yakupiga wewe?"

"Ni kiti. Kiti kiko juu."

"Kwani hakishuki?"

"Kinashuka. Kina skrubu."

Akaacha kukanda. "Sasa skrubu ipo, mkono unao, na bado walala hapa wagumia?"

Niliona haya kumweleza habari za sauti kupumua. Yeye hakuwa Mkristo, na sikutaka adhani hiyo ni sehemu ya dini yetu.

Nikalipeleka jambo hilo kwenye kikao cha waimbaji, kwa heshima zote, nikaeleza kwamba naumia, na kwamba ninachotaka ni kitu kimoja tu: kupiga bila kuumia. Wakasikiliza. Ndugu mmoja akatikisa kichwa kwa huruma, akatoka, akarudi na mto wa kochi. Akaniwekea juu ya kiti.

"Ndugu yangu," nikamwambia, "miguu haifiki chini, na wewe unaniongeza juu?"

Watu wakacheka, na kiongozi akaona ninafanya mzaha na kikao chake. Akasema shida si kiti, shida ni roho ya kulalamika. Akasema yule ndugu wa Uganda alipiga hapo hapo, mpangilio huo huo, na hakuna siku alifungua mdomo. Akaniomba nijinyenyekeze. Hilo neno lilinichoma. Mimi niliyekuwa nimeinama siku saba kwa wiki, sita kwa wageni wa hoteli na moja kwa ajili yao, niliambiwa nijinyenyekeze zaidi. Ningeinamia wapi tena, chini ya zulia?

Ijumaa iliyofuata nikafanya nilichopaswa kufanya siku ya kwanza. Wale ndugu walipokwenda kunywa chai, nikashusha kiti, nikaivuta snea, nikalisogeza toazi kubwa likaja kwangu. Ibada ikaanza. Tulipiga wimbo wa kwanza wote na nusu ya wa pili, na nilikuwa nimeanza kusahau kwamba nina mgongo, ndipo mtu akagonga mlango.

Sebule nzima iligeuka, haikutazama mlango. Ilinitazama mimi.

Kiongozi akaweka kipaza sauti chini, akatoka. Akarudi, akaja moja kwa moja mpaka nilipo, akaniashiria nisimame. Nikasimama. Mbele ya watu wote, mbele ya watoto na wageni, akakiinua kiti mpaka kwenye pete ya utepe, akakaza skrubu, akarudisha toazi kwenye alama yake, akanionyesha kwa kiganja kwamba sasa naweza kukaa. Sijawahi kuaibishwa hivyo na mtu ambaye hakunitukana. Nikakaa, nikamaliza ibada.

Na unajua mlangoni alikuwa nani? Mlinzi wa nyumba ya jirani. Na alitaka nini? Gari jeupe limeziba geti lao, liondolewe. Gari lenyewe lilikuwa la kiongozi. Aliliondoa baada ya ibada, mbele ya macho yangu, huku akipungia mkono kuomba radhi. Lakini nenda kaulize Ijumaa ile kulitokea nini, utaambiwa dada mmoja alisogeza dramu na jirani akaja. Hadithi hiyo nilisimuliwa mimi mwenyewe baadaye, na mgeni ambaye hakujua dada mwenyewe ndiye mimi.

Wiki ile ile, nikiwa nimeinama kwenye kona ya godoro, mgongo ulikatika. Sijui niseme vipi. Nilibaki nimekunjika, shuka mkononi, siwezi kwenda juu wala chini, na supavaiza wa ghorofa akanikuta hivyo. Hakuwa mtu mbaya. Alinisaidia kukaa, akanipa maji, akafunga mlango ili wengine wasione. Kisha akanieleza jambo ambalo nilikuwa nalijua: hotelini hakuna kazi ya kukaa kwa mhudumu wa vyumba, na mgongo ukinilaza mara nyingine italazimu amwambie mudiri, meneja wetu, na mudiri atanipandisha ndege. Akaniuliza kama nabeba vitu vizito huko ninakoishi. Nikasema hapana. Ningemwambia nini? Kwamba naharibiwa na utepe?

Nikaamua kuacha. Ijumaa moja zaidi, niwaage kwa ustaarabu, basi. Nililia usiku huo. Watu hudhani mtu akiacha dramu ameacha mchezo. Kwangu mimi, kwenye dramu ndipo mahali pekee pale Doha ambapo hakuna aliyeniambia niende ghorofa gani. Nilichokuwa napiga kilisikika na watu wakakifuata. Ukitumwa wiki nzima, jambo hilo si dogo.

Ijumaa hiyo niliwahi. Nikakuta ndugu wale wawili wanamalizia kupanga, kiongozi anajaribu kipaza sauti, na kwenye kochi, magoti yakiwa karibu na masikio, ameketi yule Mganda mrefu. Alikuwa amepata ruhusa, akaja kusali nasi. Kila mtu alimfurahia. Kiongozi akamwita kwenye dramu aje aonje kidogo kabla watu hawajajaa.

Akaketi. Akakunja uso. Akainua mkono wa kulia kwenda kwenye tomu kubwa, mkono ukaanguka katika lile pengo.

"Banange!" akashangaa kwa Kiganda. "Nani aliweka hivi vitu hivi?"

"Si ni wewe," akajibu kiongozi, akicheka. "Hatujagusa kitu. Ni tepu yako."

Yule bwana akatazama zulia, kisha akatazama ukutani juu, pale kiyoyozi kilipo, penye doa la maji lililopakwa rangi juu juu. Akaanza kucheka mpaka akashika snea isianguke.

"Hiyo ilikuwa sababu ya maji! AC ilikuwa inamwaga maji hapa. Hapa," akaonyesha pengo kwa kijiti, "hapa ilikaa ndoo. Vitu vingine nikavisukuma mbali visilowe. Mimi mwenyewe niliumia hapa kabisa, mgongo, bega, yote. Halafu mwenye nyumba akaleta fundi, AC ikabadilishwa, khalas, na wiki ile mimi nikaenda Lusail."

Mmoja wa wale ndugu wapangaji akapiga paji la uso. "Ai, ni kweli! Kulikuwa na ndoo. Mimi ndiye nilikuwa namwaga."

Huyu ndiye aliyepaza sauti nisiguse. Alikuwa akiibeba ndoo ile kwa mikono yake, akaimwaga bafuni Ijumaa baada ya Ijumaa, kisha ndoo ilipoondoka akapiga magoti kulinda mahali ilipokuwa, na mimi nikaumia kwa heshima ya ndoo.

"Lakini ulituambia tusisongeshe," kiongozi akasema.

"Nilisema msisogeze, mtalowa."

"Na sauti? Majirani?"

"Sauti gani? Dramu ni dramu, ssebo. Hata ukiipanga jikoni itasikika." Kisha akanigeukia, uso umebadilika. "Nyabo, umepiga hapa siku hizi zote? Pole. Pole sana."

Alikuwa wa kwanza kunipa pole katika jumba lile. Na watu wakacheka, wakapigana vikofi mabegani, kumbe ndoo, kumbe ni AC. Nami nimesimama na vijiti vyangu mkononi. Nilichokuwa nimekisema kwa miezi, kikaoni na nje ya kikao, kwa upole na kwa machozi, yeye alikisema mara moja akiwa ameketi, na kikawa kweli papo hapo. Hakuna aliyemwambia ajinyenyekeze.

Halafu kiongozi akafanya jambo ambalo mpaka leo siwezi kulisimulia nikiwa nimekaa. Akatoa kwenye mfuko wake kibunda kipya cha utepe wa buluu. "Basi bro, panga vile inafaa," akamwambia yule Mganda, "tuweke marks mpya, tumalizane na hii maneno."

Na yule bwana, bila ubaya wowote, akaanza. Akakipandisha kiti zaidi. Akanyoosha miguu yake mirefu, akalipeleka toazi mpaka lilipofika mkono wake. Ndugu mmoja akachuchumaa, utepe kwenye meno, tayari kukata.

"Simama," nikasema.

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Kipaza sauti kilikuwa wazi, ikasikika mpaka jikoni.

"Ssebo, samahani, simama. Wewe leo umekuja kusali. Anayepiga ni mimi."

Akasimama mara moja, mikono juu kama aliyekamatwa. Nikapita. Nikalegeza skrubu ya kiti, nikakishusha, kikapita pete ya utepe wa zamani, kikashuka tena, mpaka nyayo zangu zote mbili zikalala. Nikaingiza snea kati ya magoti. Nikafumba macho mbele yao wote, nikaachia mikono, nikainua viwiko. Watu walikuwa wanaingia, viti vinakwaruza, saa ya kuanza imepita, na kiongozi alikuwa anatazama saa yake. Sikufungua macho mpaka nilipojua vijiti vinaangukia wapi. Kisha nikaivuta tomu kubwa juu ya mahali pa ndoo, na toazi nikalileta, yule Mganda akinishikia stendi. Yule ndugu wa utepe bado alikuwa amechuchumaa.

"Niweke marks?" akauliza.

"Utaniuliza nikiwa nimekaa," nikamwambia. "Kila Ijumaa."

Tukapiga. Ndege zikapita juu, moja, nyingine. Mlango haukugongwa. Wimbo ulipochanganya niligundua kwamba nilikuwa napiga toazi kubwa bila kuondoka kitini, na kwamba kwa muda mrefu sikuwa nimewahi kuona nyuso za watu waliokuwa mbele yangu, kwa sababu nilikuwa nimeinama.

Baada ya ibada nilingoja. Nilikuwa nawapa nafasi ya kuniomba radhi. Nilifungua dramu moja moja, pole pole, nikaziweka pembeni, nikazifunika mashuka kama ninavyotandika hotelini, kona kwa kona. Hatimaye kiongozi akaja, anatabasamu, funguo za gari mkononi.

"Sister, leo umepiga!" akasema. "Leo umepiga vizuri sana. Ulikuwa unafanya practice wapi?"

Nikamtazama kutoka kichwani hadi viatuni.

"Leo nimekaa," nikamwambia.